Homa Iliyopanda Mlima

Wazee wetu walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Methali hii ni fupi, lakini ndani yake mna elimu kubwa. Inatufundisha kwamba jambo linalokuja hutanguliwa na ishara, na kwamba mwenye busara ni yule azitazamaye ishara kwa makini kabla ya kusema neno. Katika insha hii nataka kuwasimulia wanafunzi habari ya ishara moja iliyoonekana katika nchi yetu ya milima, jinsi wataalamu walivyoshindana juu ya maana yake, na jinsi ukweli ulivyopatikana. Habari yenyewe ni ya homa ya malaria. Lakini mtaona kwamba ni habari ya joto la dunia pia, na zaidi ya hayo, ni habari ya namna ya kumjua mtu anayestahili kuaminiwa.

Mji wa Ogembo uko katika nchi ya Abagusii, magharibi mwa Kenya, mahali palipoinuka zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, hupita katika mabonde ya nchi hiyo ukishuka kwenda Ziwa Viktoria. Mvua ni nyingi, udongo una rutuba, na vilima vimevaa chai, kahawa, migomba na mahindi. Masimulizi ya kale yasema kwamba Abagusii walikaa kwanza katika nchi tambarare ya Kano, karibu na ziwa, kabla ya kupanda milimani. Huko tambarare mbu walikuwa wengi na homa haikukoma. Huku juu asubuhi zilikuwa za baridi na ukungu, na mtu aliyepatwa na homa aliulizwa kwanza kama alikuwa ametoka safari ya ziwani. Baridi ilikuwa ukuta wa watu wa milima, ukuta ambao hakuna fundi aliyeujenga.

Ukuta huo haukuwa bila nyufa. Kati ya miaka ya 1920 na ya 1940 homa ilizuka mara kadhaa katika nyanda za juu za Kenya, hasa upande wa Kericho na Nandi. Kisha ikatulia kwa muda mrefu, hata watu wakaisahau. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ilirudi, na ikawa inarudi tena na tena baada ya mvua za masika.

Mwaka 1999 ilizuka kwa nguvu katika wilaya za Kisii na Gucha. Wakati huo mji wa Ogembo ndio uliokuwa makao makuu ya wilaya ya Gucha. Wagonjwa walijaa hospitalini hata wakalazwa wawili na watatu katika kitanda kimoja, na Madaktari Wasio na Mipaka wakaja kuwasaidia waganga wa serikali. Maradhi hayakuchagua mtoto wala mtu mzima. Katika nchi ambayo malaria ipo mwaka mzima, mtu mzima huwa amekwisha kuumwa mara nyingi, na mwili wake umejifunza kupigana nayo. Lakini mtu wa milimani hana mafunzo hayo. Homa ikimjia humkuta bila ngao.

Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Nakumbuka madawati yaliyobaki matupu, na mwalimu akiita majina katika daftari bila kupata jibu. Nyumbani alilala dada yangu mdogo, akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Alipona, mtoto wa jirani yetu hakupona. Bibi yangu, ambaye kwa desturi yetu nilimwita magokoro, alikaa mlangoni usiku ule wa matanga akasema, "Mjukuu wangu, mbu huyu hakuwa wetu. Amepandaje mlima?" Sikuwa na jibu. Baadaye nilipokuwa mwalimu niligundua kwamba swali lile lile la magokoro lilikuwa likiulizwa na mabingwa wa Oxford, Nairobi na Marekani, nao pia hawakupatana upesi.

Yafaa kwanza tujue kwa nini baridi ilikuwa kinga. Mbu jike aina ya anofelesi anapomwuma mgonjwa hunyonya vimelea vya malaria pamoja na damu. Vimelea hivyo haviwezi kumwambukiza mtu mwingine siku ile ile. Hapana budi vikue kwanza ndani ya mwili wa mbu, na kukua kwake hutegemea joto. Kwa hesabu ya wataalamu, penye joto la digrii 25 vimelea vya aina iuayo zaidi huhitaji siku 12 hivi. Penye digrii 20 huhitaji siku 28. Penye digrii 18 huhitaji siku 55, na chini ya digrii 16 havikui kabisa. Sasa fikirini: mbu wachache sana huishi hata mwezi mmoja. Kwa hiyo penye digrii 18 karibu mbu wote hufa kabla ya vimelea kukomaa, lakini penye digrii 20 baadhi yao huishi muda wa kutosha kuua. Tofauti ya digrii mbili, ambayo mtu hawezi hata kuihisi vizuri kwa ngozi yake, yatosha kuwa tofauti ya kijiji salama na kijiji chenye msiba.

Basi, je, milima yetu ilikuwa imepata joto? Hapo ndipo mashindano yalipoanza.

Mwaka 2002 Simon Hay wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzake walitoa makala katika jarida liitwalo Nature. Walikuwa wamechunguza mahali pane pa nyanda za juu: Kericho katika Kenya, Kabale katika Uganda, Gikonko katika Rwanda na Muhanga katika Burundi. Walitazama tarakimu za hali ya hewa tangu mwaka 1911 hadi 1995, wakasema kwamba hawakuona badiliko la maana katika joto la mahali hapo. Ikiwa homa imezidi, walisema, sababu yake itafutwe kwingine, kwa mfano katika dawa zilizopoteza nguvu.

Mwaka ule ule wataalamu wengine wakajibu. Walisema kwamba tarakimu zilizotumika hazikusomwa katika vipimajoto vya mahali hapo hasa. Zilikadiriwa kwa kuunganisha habari za vituo vilivyotapakaa katika eneo kubwa. Nchi ya milima haikadiriki hivyo, maana bonde moja lina joto lake na kilima kilicho jirani kina baridi yake. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walizichukua tena habari za mahali pale pane, wakaziongeza hadi mwaka 2002, wakazipima kwa njia nyingine. Wao waliona kwamba joto lilikuwa limepanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Neno la kukata shauri lilipatikana mwaka 2011. Judy Omumbo, bingwa Mkenya, pamoja na wenzake, akiwamo mtaalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, walikiendea kituo chenyewe cha hali ya hewa cha Kericho. Waliyachukua maandishi ya kila siku ya joto tangu mwaka 1979 hadi 2009, wakayapekua ili kuondoa makosa, kisha wakayahesabu. Walikuta kwamba joto lilikuwa likipanda kwa kiasi cha sehemu mbili za kumi za digrii katika kila miaka kumi. Swali la kama Kericho imepata joto likawa limejibiwa, na lilijibiwa na kipimajoto.

Kuna watu wasikiapo habari kama hii hucheka. Husema, "Tazama! Mabingwa wenyewe hawapatani. Leo wanasema hapana joto, kesho wanasema lipo. Kwa nini tuwasikilize?" Watu hao wamelishika jambo kwa upande usio na mpini. Mashauri yote yangekuwa upande mmoja tangu siku ya kwanza, tungepaswa kuogopa. Hapa mtu alisema neno, mwenzake akaonyesha kasoro ya ushahidi, wa tatu akaleta ushahidi ulio bora. Hakuna aliyekamatwa kwa kupinga, wala aliyenyamazishwa kwa sababu ya cheo cha mwingine. Hoja ilishindana na hoja mbele ya macho ya watu wote. Elimu ya sayansi huendelea hivyo, kama mahakama ambayo mlango wake haufungwi na kila shahidi aweza kuulizwa tena.

Wala tusiwasahau wale ambao majina yao hayakuandikwa katika majarida. Kwa miaka 30 ilikuwapo mikono iliyofungua kisanduku cheupe cha vipimajoto, siku ya mvua na siku ya jua, siku ya kazi na siku ya sikukuu, ikaandika tarakimu katika daftari. Makarani hao hawakujua kwamba ugomvi wa mabingwa ungekatwa na mwandiko wao. Walifanya kazi yao kwa uaminifu tu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilijaa ukweli.

Hata hivyo haki yataka tuseme kwamba waliosema kwanza hawakukosa katika kila jambo. Joto halikuwa sababu ya pekee. Dawa ya klorokwini, iliyokuwa tegemeo la kila zahanati, ilikuwa imekwisha kushindwa na vimelea, na mwaka 1998 serikali ya Kenya ikaamua kuiacha kama dawa ya kwanza. Watu walikuwa wameongezeka, na mabonde yenye mafunjo yalikuwa yakikaushwa ili yalimwe. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 kutoka Kabale ulionyesha kwamba karibu na mabwawa yaliyolimwa kuna joto zaidi kuliko karibu na mabwawa ya mafunjo yasiyoguswa. Kadhalika, katika nchi ya Kakamega ilionekana kwamba penye miti iliyokatwa nyumba hupata joto, na mbu hutaga mayai upesi zaidi. Joto lilifungua mlango, lakini wako na wengine waliosaidia kuusukuma, na baadhi ya mikono hiyo ilikuwa yetu wenyewe.

Sasa namsikia mwanafunzi mmoja akiuliza kwa haki kabisa: "Mwalimu, je, wataalamu hawakuwadanganya wazee wetu?" Naam, walidanganywa. Wakati wa ukoloni Waafrika wa Kenya walizuiwa kulima kahawa. Walowezi walisema kwamba mashamba ya Waafrika yangezaa magonjwa na kuyaambukiza mashamba yao, na kwamba kahawa ya Mwafrika ingekuwa duni na kuharibu jina la kahawa ya Kenya. Maneno hayo yalivikwa joho la utaalamu, lakini chini ya joho ilikuwako tamaa ya kuilinda faida na kuwapata wafanya kazi. Katika miaka ya 1930 serikali iliporuhusu majaribio madogo Kisii, Meru na Embu, kahawa iliota na kuzaa vizuri mikononi mwa Waafrika, na hadi leo milima ya Gusii inaivuna.

Basi tumepata mifano miwili, na tofauti yake ndiyo kipimo ninachotaka mwende nacho. Habari ya kahawa ilisemwa na watu waliofaidika kwayo, na sheria ikazuia mtu yeyote asiijaribu. Habari ya joto ilitolewa pamoja na tarakimu zake, na kila aliyetaka alialikwa kuijaribu, na waliotamani kuikanusha walikuwa wa kwanza kuipima. Msimwamini mtu kwa sababu amevaa koti jeupe, wala msimkatae kwa sababu hiyo. Mwulizeni: Umepimaje? Nani mwingine amepima? Amepata nini? Je, ukikosea nitajuaje? Mtaalamu wa kweli hupenda maswali hayo. Mwenye hila huyakasirikia.

Kwa kipimo hicho hicho tulitazame jambo kubwa zaidi, nalo ni sababu ya joto lenyewe. Mwaka 1859 John Tyndall alianza majaribio mjini London yaliyoonyesha kwamba hewa ya ukaa huzuia joto lisitoroke. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alipiga hesabu ya joto litakaloongezeka hewa hiyo ikizidi. Mwaka 1938 mhandisi Mwingereza Guy Callendar alikusanya tarakimu za vituo vingi akasema dunia imeanza kupata joto, wengi hawakumsadiki. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kuipima hewa ya ukaa juu ya mlima wa Mauna Loa, Hawaii. Alipata sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Inajulikana pia kwamba hewa ya tabaka za juu sana imepoa wakati hii ya chini ikipata joto. Kama jua ndilo lingekuwa sababu, zote mbili zingepata joto. Mwaka 1988 mataifa yaliunda jopo la kuyapima maandishi yote ya jambo hili, kwa ushirikiano wa Shirika la Hali ya Hewa la Dunia na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi. Mwaka 2021 jopo hilo lilisema kwamba hapana shaka tena: wanadamu ndio walioipa dunia joto, kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi wanayoyachoma, na kwa misitu wanayoifyeka.

Sehemu ya Kenya katika moshi huo ni ndogo mno. Hilo lauma moyo. Mtoto wa jirani yetu hakuwahi kuchoma makaa ya mawe. Lakini uchungu wa dhuluma si sababu ya kuukana ushahidi wake. Kinyume chake, anayedhulumiwa ndiye mwenye haja kuu ya ushahidi. Mtu aendaye barazani kudai haki yake bila tarakimu hurudi mikono mitupu.

Kutoamini kuna gharama, na gharama hulipwa na maskini. Mwaka 1997 Idara ya Hali ya Hewa ilionya juu ya mvua za El Niño, nazo zikaja kwa kishindo na kuvunja madaraja. Mwaka 2009 ilionya tena, na mvua haikufika kwa kiasi kilichohofiwa. Watu wakaicheka Idara. Walisahau kwamba utabiri wa mvua ni mizani ya yanayoelekea kuwa, si kiapo. Mwaka 2023 onyo likatolewa tena. Mwezi wa Oktoba ikatangazwa na wakubwa kwamba mvua ya maangamizi haitakuja. Idara ikalazimika kueleza kwamba mvua ya kupita wastani bado yatazamiwa. Mwezi wa Novemba mafuriko yalikuja, na zaidi ya watu 100 wakafa nchini. Anayekejeli onyo moja lililokosa, na kuacha kuziba paa lake, hamkomoi mtabiri.

Na kuamini kuna thawabu pia. Baada ya mwaka 1999 wataalamu walisema nini kifanywe, na safari hii kilifanywa. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa, nyumba za Kisii na Gucha zikapuliziwa dawa, na kuanzia mwaka 2006 dawa mpya zenye artemisinini zikaenea katika hospitali za serikali. Malaria katika milima yetu ikapungua sana, ingawa joto halikupungua. Hayo ni mambo mawili ya kushikwa pamoja: kwamba hatari ni ya kweli, na kwamba mwanadamu aliyeijua hatari yake si mtumwa wake. Lakini ukuta wa baridi uliotulinda sisi bure umeshuka, na sasa tunalindwa na ukuta wa chandarua, ambao hauna budi kununuliwa, kushonwa na kutundikwa kila usiku. Tukichoka, mbu hachoki.

Magokoro alifariki kabla sijaweza kumjibu swali lake. Leo ningemwambia hivi: Mbu alipanda mlima ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa sehemu ndogo ya digrii ambayo jicho halikuiona. Waliiona wale walioandika.

Nanyi, vijana mnaosoma insha hii, hamhitaji kungoja mpaka mwe mabingwa. Shule yenye chupa, faneli na rula yaweza kupima mvua. Shule yenye kipimajoto kimoja kivulini na daftari moja lisilorukwa siku yaweza kuanza kazi ile ile ya Kericho. Chagueni saa moja ya kila siku. Andikeni mlichokiona, si mlichokitazamia. Mwaka wa kwanza tarakimu zenu zitakuwa hazisemi kitu. Mwaka wa kumi zitaanza kunong'ona. Na mwaka wa 30 mtakapokuwa wazazi, mtu akisimama barazani na kudai kwamba nchi haijabadilika, au kwamba imebadilika, hamtakuwa na haja ya kupiga kelele. Mtalifungua daftari.